Herufi sita, maneno ya herufi nne: nitayapataje yote, na lipi lihesabiwe kuwa ni neno?

Maalim wa Wete (Wete, Pemba)

Assalamu alaykum.

Ninasomesha Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Wete, na kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri ninakaa na wanafunzi wapatao ishirini kwa mchezo wa maneno. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Ninaandika herufi sita ubaoni, ninataja urefu wa neno ninaoutaka, na kila kundi linapewa dakika kumi za kuandika maneno yote linayoweza kuyaunda, kwa sharti kwamba herufi isitumike zaidi ya mara ilivyoandikwa ubaoni. Kundi lenye maneno mengi ndilo linaloshinda, na zawadi ni kalamu.

Wiki iliyopita niliandika M, A, K, U, T, I, nikataka maneno ya herufi nne. Usiku wake nilikuwa nimekaa na karatasi nikapata maneno kumi na moja, nikaamini nimeyamaliza. Kufika darasani, kundi la kwanza likaniletea kumi na matatu. Miongoni mwao lilikuwamo "katu", ambalo nililifuta kwa kalamu nyekundu bila ya kufikiri, mpaka msichana mmoja aliponyanyua mkono akanieleza kwa adabu kwamba katu ndiyo ile anayotia bibi yake katika tambuu, pamoja na popoo na chokaa. Baadaye nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe husema "sitaki katu" mara kumi kwa siku. Nililirejesha neno, lakini haya niliyoipata sikuweza kuirejesha.

Kundi jengine liliandika "kuta" mara mbili, moja kwa maana ya kukutana na jengine kwa maana ya wingi wa ukuta, na likadai alama mbili. Na nilipoongeza swali la neno la herufi sita, nikitarajia "makuti" peke yake, nikaletewa "kumtia" na "mkitua". Hapo nilifunga daftari nikawaambia tutaonana Alhamisi ijayo.

Kwa hiyo ninaomba msaada wenu. Kwanza, ipo njia gani ya kuyapata maneno yote ya urefu fulani kutoka herufi zilizotolewa, ili mwalimu aingie darasani akiwa na hakika ya idadi? Pili, ni lipi lihesabiwe kuwa ni neno katika lugha yetu, ambayo kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi nzima? Tatu, CH, SH, DH na wenzao tuwahesabu kuwa ni herufi moja au mbili?

Nilijaribu programu moja ya kwenye intaneti, lakini imetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na kwa herufi zangu sita ikaniletea neno lao la mkeka, "mat", na neno lao la paka mdogo aliyekatwa mkia kwa ufupisho, "kit". Nilijaribu pia sanduku la Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, ambalo rafiki yangu alikuja nalo kutoka Uingereza. Lina vigae 100, viwili kati yake vikiwa vitupu, na herufi E ina vigae 12, lakini K ina kigae kimoja tu. Kwa sanduku hilo huwezi kuandika hata "kuku" bila ya kutumia kigae kitupu. Tumeamua kukata maboksi na kuandika herufi zetu wenyewe.

---

Bi Mstaafu (Mji Mkongwe, Unguja)

Wa alaykumu salaam, Maalim.

Nimesomesha miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa ninaloliona kwako ni lile lile nililokuwa nikilifanya mimi: unazipanga herufi kama Mwingereza. Unaichukua M, unaiweka A, unajaribu K, unajaribu T, na kichwa kinachoka kabla ya karatasi kujaa. Kiswahili hakiendi kwa herufi moja moja, kinakwenda kwa silabi, na silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Watoto wa zamani wa mji huu walilijua jambo hili bila ya kufundishwa, kwa sababu walicheza kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, kwa hiyo "nyumba" ikawa "mbanyu" na "makuti" yakawa "timaku", na wakubwa waliokaa barazani wakabaki kuulizana watoto wanasema nini. Mchezo huo ni wa zamani sana hapa. Edward Steere, aliyekuwa askofu Zanzibar katika karne ya 19, aliueleza katika kitabu chake cha kufundishia lugha yetu.

Sasa chukua herufi zako. Konsonanti ni tatu, M, K na T, na irabu ni tatu, A, I na U. Ziandike silabi zote zinazoweza kutoka:

ma, mi, mu
ka, ki, ku
ta, ti, tu

Neno la herufi nne la umbo la kawaida ni silabi mbili kutoka jedwali hili, na sharti la kutorudia herufi lina maana kwamba silabi ya pili isitoke katika mstari wala safu ya ile ya kwanza. Ukianza na "ka", basi mstari wote wa K umefungwa na safu yote ya A imefungwa, na zinabaki "mi", "mu", "ti" na "tu" peke yake. Kami, kamu, kati, katu. Mawili ni maneno, na moja kati ya hayo mawili ndilo lililokutia haya. Silabi tisa, kila moja ikiwa na wenzake wanne, ni mapacha 36 tu ya kuyasoma, na mtu mwenye masikio ya Kiswahili huyasoma kwa dakika tatu. Mimi nimeyasoma nikiwa ninasubiri wali uive, na nimepata maki, mita, kati, katu, kima, kimu, kita, kitu, kumi, kuta, kuti, tamu, timu na tuma. Ni 14. Lipo na la kumi na tano ambalo mtoto mwenye adabu halitamki, nawe utaliona mwenyewe ukiusoma mstari wa "ku", kwa hiyo jitayarishe na uso wako kabla hujaingia darasani.

Baada ya hapo ndipo unapotafuta yale yasiyokwenda kwa umbo hilo. Nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yenye M inayosimama peke yake kama silabi, kama "mkia" na "mtai", yaani ule mchubuko au chale ya mwilini. Namna ya pili ni yale yanayoanza kwa irabu au yenye irabu mbili zinazofuatana, kama "umia". Kwa hesabu yangu jumla inakuwa 17.

Kwa neno la herufi sita jedwali ni lile lile, ila unachukua silabi tatu, moja kutoka kila mstari na kila safu. Ukishachagua mbili, ya tatu hujichagua, kwa hiyo mapacha yanabaki 36. Jaribu usione ajabu: makuti, kitamu, tumika. Maneno matatu safi, ya herufi zile zile sita, na wewe ulikuwa umelijua moja.

---

Fundi wa Programu (Fuoni, Unguja)

Shikamoo, Bi. Na salamu kwako, Maalim.

Jedwali la Bi ni zuri mno kwa karatasi na kalamu, nami nitaeleza njia ya kompyuta, ambayo kwa kweli haikuzaliwa na kompyuta, kwa maana hata mtu mwenye daftari na subira anaweza kuifuata.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta huzipanga herufi kwa kila namna, kisha hutazama ni mpangilio gani uliomo katika kamusi. Kwa herufi sita, maneno ya herufi nne yatakuwa na mipangilio 6 × 5 × 4 × 3, yaani 360. Ukiweka sharti kwamba neno liishie kwa irabu, maana maneno yetu karibu yote huishia hivyo (maalim, samahani, wewe ni miongoni mwa machache yasiyofuata), inabaki nusu yake, 180. Idadi hizo si kubwa. Tatizo ni kwamba zinapanda kwa kasi: herufi saba zikitumika zote zina mipangilio 5,040, na herufi nane zina 40,320, na sehemu kubwa kabisa ya mipangilio hiyo ni takataka ambayo hakuna mdomo wa binadamu unaoweza kuitamka.

Njia iliyo bora ni kugeuza kazi, usianze na herufi bali uanze na maneno. Chukua orodha yako ya maneno, na kwa kila neno zipange herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. Mfuatano huo ninauita ufunguo. Neno "kitu" lina ufunguo IKTU, na "kuti" lina ufunguo huo huo. Maneno yenye ufunguo mmoja yanakaa katika chumba kimoja, na ukiufungua mlango unayakuta yote kwa pamoja. Ukitaka maneno ya herufi nne kutoka herufi sita, huna tena mipangilio 360 ya kuijaribu. Una funguo 15 tu, kwa sababu ndizo njia za kuchagua herufi nne kati ya sita. Kwa herufi tano, funguo ni sita, kila mmoja ukiiacha herufi moja nje.

Nitaanza na chumba kimoja kati ya hivyo sita, nacho ni kile kilichoiacha K, cha ufunguo AIMTU. Ndani yake mna tumia, timua, tumai, umati na mauti. Herufi tano zile zile zinamtosha mtu kutumaini na zinamtosha kufa. Chumba jirani, kilichoiacha T, kina kaimu na umika, ile ya kupiga chuku. Kilichoiacha U kina timka. Kilichoiacha M kina tukia. Viwili vilivyobakia, cha kuiacha A na cha kuiacha I, nimevifungua nikavikuta vitupu, na hii ndiyo faida hasa unayoitafuta, Maalim: jedwali linakuonesha ulichokipata, lakini ufunguo unakuonesha pia pale ambapo hakuna kitu, kwa kadiri ya orodha uliyonayo.

Herufi zinazorudiwa nazo zisikutie hofu, mradi uhesabu kila herufi imo mara ngapi. Tuchukue KARAFUU, kwa kuwa unatoka Pemba. Ni herufi saba, lakini A imo mara mbili na U imo mara mbili, kwa hiyo mipangilio si 5,040 bali ni robo yake, 1,260. Kanuni ya kulikubali neno ni moja: kila herufi ya neno iwemo katika karafuu kwa idadi isiyopungua ile inayotakiwa na neno. "Rufaa" inataka A mbili, nazo zimo, kwa hiyo inapita. "Fukua" inataka U mbili, inapita. "Kufuru" inataka U tatu, inarudishwa mlangoni. Na kwa herufi sita, ndani ya karafuu mna fukara. Sitii neno hapo. Wapemba mnajua wenyewe mambo ya karafuu na bei zake.

Kazi ngumu haimo katika programu, ambayo haizidi mistari kumi. Kazi ngumu imo katika orodha. Mimi nimejitengenezea orodha yangu kwa mkono kwa muda wa miaka miwili, na kila wiki ninagundua neno ninalolitumia kila siku ambalo sijaliingiza. Ukiichukua orodha ya mtu mwengine bila ya kuipitia, utaingia darasani na maneno ya matusi yaliyopangwa vizuri kwa alfabeti.

---

Msahihishaji (Chake Chake, Pemba)

Maalim, wenzangu wamekujibu swali la kwanza kwa ufundi mkubwa, na wote wawili wamelipita la pili kama mtu anayepita mlango wa mdai wake. Mimi kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu, na swali la "neno ni lipi" ndilo linalonipa riziki na maumivu ya kichwa.

"Kumtia" ni neno. Limeandikwa pamoja, linatamkwa pamoja, na kila mtu analielewa. "Mkitua" ni neno pia, na rubani anaweza kuwaambia abiria wake "mkitua Karume, subirini ndani" bila ya mtu kushangaa. Kwa hiyo wanafunzi wako hawakukosea lugha. Kilichokosekana ni kanuni ya mchezo, na kanuni hutangazwa kabla ya mchezo kuanza.

Tazama itakavyokuwa ukiyakubali maumbo yote ya kitenzi. Chukua nafsi sita (ni, u, a, tu, m, wa) na nyakati nne tu (na, li, ta, me), na kitenzi kimoja kimekwishakupa maumbo 24, kabla hujagusa kanusho, kabla hujamtia mtendwa ndani, na kabla hujanyambua. Mchezo utakuwa wa kubandika viambishi, na mtoto anayejua maneno mia mbili atamshinda anayejua elfu mbili. Ndiyo sababu mimi ningekataa hata "kutia" na "kuita", ingawa sarufi inazihesabu kuwa ni nomino. Yeyote aliyepata K na U mkononi ataziweka mbele ya kila kitenzi, na herufi hizo mbili zitageuka benki.

Wapo wanaosema basi tukubali lile tu linaloonekana kama kidahizo, yaani neno lililoorodheshwa peke yake na kupewa maelezo, katika kamusi. Kanuni hiyo inavutia kwa sababu ni nyepesi, lakini ukiifuata kikamilifu inakuangukia mwenyewe, kwa sababu makuti ni wingi wa kuti. Utakuwa umeandika ubaoni neno ambalo kanuni yako inalikataa! Na "kitamu" ya Bi Mstaafu nayo itaanguka, kwa kuwa kamusi huingiza "tamu". Ninapendekeza hivi: nomino ikubaliwe kwa umoja na kwa wingi, kivumishi kikubaliwe pamoja na kiambishi chake cha ngeli, kitenzi kikubaliwe kikiwa shina tupu, au shina lililonyambuliwa ambalo limo katika kamusi, kama "tumika", lakini bila ya nafsi, bila ya wakati, bila ya mtendwa na bila ya "ku" ya mwanzo. Majina ya watu, ya pahala na ya lahaja yaachwe. Kwa hiyo "kaimu" linapita, na "Kiamu", lenye herufi zile zile tano, linabaki Lamu kwa wenyewe.

Kuhusu "kuta" mbili, alama ni moja. Mchezo wako unahesabu maumbo ya herufi, hauhesabu maana, na ukianza kulipa kwa maana, "kaa" peke yake itamaliza kalamu zako zote.

Kamusi gani iwe hakimu? Mimi mezani pangu ninatumia kamusi la BAKIZA (Baraza la Kiswahili Zanzibar) la mwaka 2010, na nimesema "la" kwa kuwa ndivyo baraza letu lilivyoliandika katika jalada, ingawa ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1981 inasema "ya". Vyovyote utakavyochagua, chagua moja na uiweke juu ya meza. Lakini acha mlango mdogo kwa maneno ya Kipemba, ambayo watoto wako wanayo midomoni na ambayo kamusi nyingi hazikuyafikia. Mtoto akileta neno lisilokuwemo, mwambie alitie katika sentensi na aeleze linasemwa wapi na nani. Yule msichana wa katu alifanya hivyo hasa, na hakuna kamusi iliyomsaidia.

---

Bi Mstaafu (Mji Mkongwe, Unguja)

Msahihishaji, ninakubaliana nawe kwa yote isipokuwa hiyo "ku". Watoto wa kidato cha kwanza ukiwanyima "kuita" na "kutia" watabaki na karatasi nyeupe, na mchezo ambao nusu ya darasa haina la kuandika hauchezwi mara ya pili. Mimi ningeiruhusu kwa mwezi wa kwanza, kisha ningeiondoa kimyakimya.

---

Ustadhi wa Mkoani (Mkoani, Pemba)

Assalamu alaykum. Nitajibu swali la tatu tu, kwa kuwa nimelikuta halina mwenyewe.

Wanafunzi wako wengi, Maalim, walijua alifu na bee chuoni kabla ya kujua A na B skuli. Kwa mtoto huyo, "dhahabu" inaanza kwa dhali, nayo ni herufi moja. "Ghali" inaanza kwa ghaini, herufi moja. "Thamani" kwa thee, na "shukrani" kwa shini, kila moja herufi moja. Ukimwambia kwamba "ghali" ina herufi tano atahesabu kama ulivyomwamuru, lakini moyoni anasikia nne. Hata hivyo nisionekane kama ninasema hati hiyo inamaliza mambo, maana sauti kama za P, V na CH hazimo katika Kiarabu, na wazee wetu walioandika Kiswahili kwa hati hizo iliwabidi wazitafutie alama.

Kwa kuwa mnakata maboksi, ninapendekeza mkate vigae vya CH, SH, DH, GH, TH na KH vikiwa vizima, kila kimoja kikihesabiwa kuwa ni herufi moja. C peke yake haina kazi yoyote katika Kiswahili, na mtoto atakayepewa C bila ya H amepewa jiwe. Q na X msizikate kabisa. NY inaweza kutengana kwa sababu N na Y kila moja ina maisha yake. Ila NG' ipewe kigae chake pamoja na kialama chake, kwa sababu kung'oa jino ni jambo moja, na ngoa anayolilia mke mwenza ni jambo jengine kabisa.

---

Msahihishaji (Chake Chake, Pemba)

Ustadhi, hoja yako ni nzito, lakini Maalim anaandika ubaoni kwa chaki, na vigae ni vya siku nyengine. Mtu anayeambiwa "neno la herufi nne" atahesabu alama anazoziona, na "chai" ataiona ina alama nne. Ninaogopa tutampa mwalimu mmoja hesabu mbili. Basi ubaoni iwe kama ilivyoandikwa, na kwenye vigae iwe kama ulivyosema, mradi atangaze mapema siku hiyo wanacheza upi.

---

Maalim wa Wete (Wete, Pemba)

Assalamu alaykum. Ninarudi na shukrani, na pia na habari za Alhamisi.

Niliwapa tena M, A, K, U, T, I, safari hii baada ya kuwaonesha jedwali la Bi Mstaafu lililochorwa kwa herufi nyengine ili nisiwape jibu. Kanuni za Msahihishaji niliziandika pembeni ya ubao, na "ku" niliiruhusu kama Bi alivyoshauri. Orodha ya maneno 17 nilikuwa nayo mfukoni, nikiwa nimeilinganisha na funguo 15 za Fundi, aliyenitumia faili lake, nazo zilikubaliana neno kwa neno.

Kundi lililoshinda lilipata maneno 15. Walikosa "mtai" na "kimu", na wote waliijua maana ya mtai mara nilipoitaja, kwa hiyo ni kukosa kwa haraka. Kwa herufi sita "kitamu" lilipatikana katika dakika ya kwanza, lakini "tumika" halikuonekana na kundi lolote mpaka kengele. Sielewi kwa nini, labda kwa sababu njaa ya saa kumi na moja inakiona kitamu mbele ya kutumika. Lile la mstari wa "ku" halikuandikwa na mtu, ingawa nilisikia kicheko nyuma.

Kisha mvulana mmoja wa kundi lililoshika mkia akaniletea "umka". Nikatazama orodha yangu, halimo. Nikatazama jedwali, na bila shaka haliwezi kutoka humo, kwa kuwa linaanza kwa irabu kisha M inasimama peke yake. Fundi, nimetazama na faili lako, nawe umeliandika "umuka" tu, lenye U mbili, kwa hiyo ufunguo wa AKMU haukuwa na la kunipa ila lile tusi. Nikamwambia alitie katika sentensi. Akasema mama yake anapika mikate ya ufuta ya kuuza, anakanda unga kwa tui na hamira usiku, na kila alfajiri akiamshwa kwenda kununua mkaa husikia neno moja: "Nenda polepole, unga bado haujaumka."

Nimempa alama yake, na katika daftari langu sasa yapo 18.